Sura ya Nne: Zege Linalokunywa Maji

Saa nne asubuhi Fundi Ufagio alikuwa amekaa chini ndani ya selo. Viatu wamemvua, mkanda wamemvua, hata kofia yake ya kazi wameichukua, sijui walidhani mtu anaweza kujinyonga na kofia. Upande wa pili wa nondo, Inspekta alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa. Kiti kilikuwepo, lakini kiti cha kituo kile kilikuwa na mguu mmoja mgonjwa, na Inspekta naye goti lake la kushoto lilikuwa gonjwa. Wagonjwa wawili hawabebani.

Huyu Inspekta, kuanzia mkuu wa kituo mpaka mfagizi, wote walimwita Shangazi. Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mnene kidogo, na alikuwa na tabia moja iliyowachosha wengi: akiuliza swali, ananyamaza mpaka ajibiwe. Hata ikichukua robo saa. Wezi wazoefu walikuwa wanaomba wahojiwe na mtu mwingine.

"Saa nane?" akauliza Fundi.

"Saa nane unasomewa shitaka. Kusababisha kifo kwa uzembe. Na hakimu wa leo kwenye kifo hatoi dhamana, baba. Utaingia rumande mpaka tarehe nyingine, na tarehe za mahakama unazijua, zinazaana kama panya."

Fundi akaangalia mikono yake. Ilikuwa mikono ya saruji, imepasuka kama kiwanja cha kiangazi. "Mama yangu hainuki kitandani mwaka wa tatu huu," akasema. "Asubuhi namgeuza, jioni namgeuza. Tangu juzi anamgeuza jirani, na jirani mwenyewe ana mgongo. Mimi nikikaa ndani mwezi, Shangazi, nikitoka sitamkuta."

Shangazi hakusema pole. Akafungua daftari.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Nje kidogo ya mji, kwenye msitu mdogo wa miti ya mbao, kuna uwanja wa gofu ya visahani. Kwa asiyeujua mchezo huu, hauna ugumu. Unashika kisahani cha plastiki, unasimama kwenye sakafu ya zege iliyo kama kitanda kipana, unakimbia hatua tatu nne, unakirusha kwenda kwenye kapu la minyororo lililosimama mbali huko. Mwenye marusho machache ndiye mshindi. Makapu kumi na nane, sakafu kumi na nane, na sakafu zote amezimwaga huyu Fundi mwaka jana. Basi Jumamosi, manyunyu yanadondoka, bingwa wa uwanja, waliyemwita Mashoto kwa kuwa anarusha kwa mkono wa kushoto, akakimbia hatua zake kwenye sakafu namba saba, mguu ukamtoka, akaenda kupiga kichwa kwenye nguzo ya chuma ya kibao cha namba ya sakafu. Hakuamka.

"Daktari wa meno alikuwa pale," akasema Shangazi. "Ameandika kwamba sakafu ilikuwa inateleza kama sabuni. Uliisugua laini?"

"Laini nasugulia sebule za watu! Sakafu ya kurushia naipiga ufagio ikiwa mbichi. Na siupigi hovyo. Mkwaruzo unakata njia, haufuati njia. Mtu akikimbia, chini ya kiatu chake kuna ngazi ndogo ndogo elfu moja. Kwa nini unadhani wananiita Ufagio? Kwa sababu nafagia?"

"Ulimwambia marehemu atavunjika shingo. Watu kumi wamesikia."

"Nilimwambia. Alikuja kukanyaga zege siku ya pili, na viatu, halijashika! Nikamwambia toka hapo, utavunjika shingo na kazi utaniharibia. Mafundi wote tunasema hivyo. Ningekuwa naua kila niliyemwambia, mji huu ungebaki makaburi na mafundi."

Shangazi akanyamaza. Fundi akakohoa, akaangalia dari, akaangalia ndoo. Halafu akasogea mpaka uso wake ukagusa nondo.

"Una birika hapa kituoni?"

"Lipo."

"Nenda nalo. Mimi nikimaliza sakafu, wiki tatu zikipita, navua viatu, namwaga maji, natembea juu yake mbele ya mwenye mali. Hiyo ndiyo risiti yangu, nyingine sina, kuandika kwenyewe naandika kwa shida. Zege langu linakunywa maji, Shangazi. Unamwaga, linameza. Ukimwaga, maji yakasimama juu kama jasho kwenye uso wa mwongo, nifunge, na ufunguo utupe chooni."

Shangazi akafunga daftari, akajishika ukutani, goti likalia *ka!*, akainuka.

Birika la kituo lilikuwa kwenye meza ya Koplo. Koplo huyu alikuwa amebakiza miezi mitano astaafu, na miezi hiyo alikuwa amepanga aimalize amekaa.

"Shangazi, hilo lina chai."

"Imwage."

"Niimwage? Sasa hivi nimeikoroga! Hivi marehemu ni nani, ni Mashoto au ni mimi?"

"Imwage, chukua na dumu la maji, twende. Mtu ana masaa manne."

Walipofika uwanjani ilikuwa saa tano inakaribia nusu, na kabla hata hawajaiona sakafu namba saba, waliisikia. *Ngo! Ngo!* Nyundo juu ya zege. Shangazi, na goti lake lile, akakimbia. Koplo alisimulia baadaye kwamba hajawahi kumwona akikimbia, na asingependa kumwona tena, kwa sababu na yeye ilibidi akimbie.

"Shusha nyundo! Wewe! Shusha!"

Vibarua watatu wakaganda. Mmoja nyundo ilikuwa bado juu. Kwenye kona ya nyuma ya sakafu, kipande cha ukubwa wa tofali kilikuwa kimeshang'oka.

Pembeni alikuwa amesimama Katibu wa chama cha wachezaji, mtu wa tai na viatu vya kung'aa hata msituni. "Inspekta, tulidhani mmeshamaliza," akasema. "Mtuhumiwa si mnaye?"

"Nani kakwambia uvunje?"

"Ni kwa heshima tu. Familia imeomba. Dada yake marehemu hawezi kuja hapa akaiona hii sakafu. Leo tunavunja, kesho tunamwaga nyingine, Jumamosi tuna mashindano ya kombe, ya kumchagua mwakilishi wetu. Maisha lazima yaendelee."

"Yataendelea yakitoka kwangu. Familia gani? Nani hasa?"

"Shemeji yake," akasema Katibu, akaelekeza kidevu kwenye benchi. Kila sakafu ilikuwa na benchi lake la kungojea zamu, na pale namba saba, mtu wa ovaroli la buluu alikuwa amepiga magoti nyuma yake, anarudishia ubao wa kuegemea uliolegea. Alikuwa seremala. Alichukua skrubu, akatoa mfukoni kipande cha mshumaa, akaisugua skrubu mara mbili tatu, akaingiza bisibisi. Skrubu ikazama kwenye mbao ngumu ile kama inaingia kwenye ndizi. Kisha akainuka, akafuta mikono.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye shemeji?"

"Ndiye. Dada yake marehemu ni mke wangu, na hapa tulikuwa tunacheza pamoja."

"Poleni na msiba."

"Tumeshapoa. Mungu ndiye anayepanga." Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu asiyelala. "Ni mimi niliyeomba ivunjwe. Mke wangu analia usiku na mchana. Nikaona basi, angalau hilo."

"Na benchi?"

"Watu wamelikalia kwa wingi Jumamosi, ubao ukaachia. Nikikaa nyumbani naumwa kichwa."

Kwenye ubao ule palikuwa na kibao kidogo cha bati. Koplo, aliyekuwa bado anatafuta pumzi, akakisoma kwa sauti: "Benchi hili limetengenezwa na shemeji wa bingwa wetu." Akatikisa kichwa. "Kazi safi. Mabenchi yote kumi na nane?"

"Yote," akasema Shemeji.

Shangazi akawaomba wote waende kwenye banda la chama, nyuma ya miti, wasirudi mpaka waitwe. Akamwambia Katibu ampigie simu daktari wa meno aje. Vibarua akawaambia waziache nyundo chini, na wao wakaziacha haraka kama zimeshika moto.

Wakabaki wawili na birika.

Shangazi akainama akaipitisha mikono juu ya zege. Mikwaruzo ya ufagio ilikuwepo, imekata njia, safi, kama mistari ya daftari la mtoto. Upande wa kushoto, ukiangalia kapu, zege lilikuwa limekuwa jeusi kwa soli za raba, mwaka mzima wa viatu. Upande wa kulia lilikuwa jeupe, kama juzi limemwagwa, isipokuwa njia moja nyembamba ya soli za mtu mmoja, iliyoishia pembe ya mbele.

"Wanaorusha kwa mkono wa kulia wanapita huku kushoto wote," akasema Shangazi. "Huku kulia alipita mmoja tu. Vua viatu, Koplo."

"Mimi?"

"Na goti langu hili, nivue mimi?"

Koplo akavua, na soksi yake ilikuwa na tundu, dole gumba limechungulia kama linatafuta habari. Shangazi akamwaga maji nyuma. Zege likanywa. Akamwaga katikati. Likanywa, likabadilika rangi, likabaki na giza la unyevu, bila tone kusimama. Akamwaga kushoto mbele, pale palipokanyagwa mwaka mzima, Koplo akapita na nyayo zake, akageuka, akajaribu hata kujitelezesha makusudi. Akakwama.

"Inashika, Shangazi. Inakuna mpaka raha."

"Sasa njoo huku kulia. Taratibu. Nishike bega."

Akamwaga kwenye pembe ya kulia mbele. Maji yakakimbia kidogo, halafu yakakusanyika. Yakasimama. Vitone vya mviringo, vinang'aa, vimekaa juu ya mikwaruzo kama shanga zilizomwagika. Koplo akaweka mguu, mguu ukaondoka bila ruhusa yake. Kama siyo lile bega, Jumatatu ile wangekuwa na maiti wa pili.

"Mama yangu!" akasema Koplo.

Shangazi akapima kwa kiganja. Viganja viwili kwa kimoja na nusu. Pande zote kuzunguka hapo, zege lilikuwa linakunywa kama ngamia. Akatoa wembe kwenye mkoba, akakwangua taratibu ndani ya mikwaruzo. Yakatoka magamba madogo meupe. Mengine akayatia kwenye bahasha, akaandika saa, akampa Koplo asaini. Mengine akayaweka kwenye kijiko, akawasha kiberiti chini yake. Yakayeyuka. Akanusa.

"Nta," akasema.

"Nta!" Koplo akaruka, na safari hii kwa mguu wake. "Daktari wa meno! Wale si ndio wanakung'atisha nta wakikutengenezea meno ya bandia? Mimi nimewahi kung'ata. Na yeye si ndiye kaandika sabuni? Shangazi, tumemaliza!"

"Tumeanza. Vaa viatu."

Simu ikalia. Pale uwanjani mtandao ulikuwa unakuja na kuondoka kama mgeni mwenye haya, na Shangazi ilibidi apande juu ya benchi ili amsikie Mkuu wa kituo.

"Uko wapi? Hati ya mashitaka iko mezani kwangu."

"Nipe mpaka jioni, Mkuu."

"Sina jioni. Gari la mahabusu linaondoka saa saba na nusu. Una kitu, au huna?"

"Nina nusu ya kitu."

"Nusu haisimami mahakamani," akasema Mkuu, na simu ikakatika, sijui ni yeye au ni mtandao.

Saa sita na robo daktari wa meno akafika na mkoba wake wa kazi, jasho linamtoka, analalamika kwamba ameacha mtu kwenye kiti mdomo wazi. Shangazi akamkalisha kwenye benchi.

"Jumamosi ulirusha wa ngapi hapa?"

"Wa kumi na tano. Mashoto alinifuata, wa kumi na sita. Bingwa hurusha mwisho."

"Manyunyu yalikuwa yameanza?"

"Tangu namba tano tulikuwa tumelowa."

"Uliteleza?"

"Mimi? Hapana."

"Kuna kati ya wale wengine kumi na nne aliyeteleza?"

Daktari akafikiri. "Hapana."

"Sasa sabuni uliiona wapi?"

Akanyamaza. Na Shangazi akanyamaza. Ndege mmoja akalia juu ya mti, akaona hapajibiwi, akaondoka.

"Nilimwona yeye anavyoteleza," daktari akasema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Polisi akaniuliza sakafu ilikuwaje. Mtu amekufa mbele yako, unaulizwa ilikuwaje, utasemaje? Nikasema kama sabuni. Sikujua kwamba kuna mtu atafungwa kwa neno hilo."

"Fungua mkoba."

Akafungua. Koplo akanyoosha shingo. Katikati ya vyuma palikuwa na kijisanduku, na ndani yake vipande vya nta vilivyokaa kama biskuti. Vyote rangi ya waridi.

"Nyeupe huna?"

"Nyeupe ya nini, mama? Hii inakaa mahali pa ufizi. Nikitumia nyeupe nitawapa watu ufizi wa maiti."

Koplo akarudisha shingo mahali pake. Masikini, uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyeshika samaki akamteleza.

Saa saba kasoro dakika kumi. Jua lilikuwa limepanda juu ya miti, na sakafu namba saba ilikuwa imekauka yote, kushoto na kulia, rangi moja. Hata Koplo aliyejua hakuweza kuiona tena ile sehemu. Shangazi akaiangalia muda mrefu. Halafu akamtuma akawaite wote watatu, Katibu, daktari na Shemeji.

"Nataka kuelewa marehemu alivyorusha," akawaambia. "Mimi mchezo wenu siujui, nimezoea kurushiwa vyombo na mume wangu tu. Mtanionyesha mmoja mmoja. Kwa mkono wa kushoto kama yeye, upande wake wa kulia, hatua zake zilezile. Ila tembeeni, msikimbie. Sitaki msiba mwingine."

Akakaa kwenye dumu la maji, pembeni kabisa, macho yake usawa wa viatu vyao.

Katibu akaanza. Akavua koti, akalikunja vizuri, akashika kisahani kama mtu anayeshika sahani ya mchuzi. Akatembea hatua nne. Hatua ya mwisho kiatu chake cha kung'aa kikatua pembe ya kulia mbele, katikati kabisa ya ile sehemu, akageuka juu yake, akarusha. Kisahani kikaenda kugonga mti wa karibu.

"Asante. Daktari."

Daktari akafanya vizuri zaidi. Naye akatua palepale, kisigino na vidole, akazungusha mguu kama mtu anayezima sigara.

"Asante. Shemeji."

Shemeji akapanda. Na hapo, jamani, alipokishika kile kisahani kwa mkono wa kushoto, alikuwa ni marehemu mwenyewe. Bega lilivyoshuka, kichwa kilivyoinama, hata pumzi aliyovuta kabla ya kuanza. Katibu akageuza uso. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, sawasawa. Hatua ya nne mguu ukainuka, ukaenda mbele, ukasita hewani, ukarudi. Ukatua kiganja kimoja nyuma ya pembe. Akarusha. Kisahani kikaelea vizuri kati ya miti, minyororo ikalia.

"Rudia, baba," akasema Shangazi.

Akarudia. Safari hii mguu ulipita ndani, karibu na katikati ya sakafu.

"Rudia."

"Kwani nakosea?"

"Mimi sijui, wewe ndiye unayejua. Umecheza naye miaka mingapi?"

"Kumi na moja."

"Rudia."

Shemeji akarudi nyuma. Jasho lilikuwa limetoka juu ya mdomo. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hatua ya nne mguu ukainuka, na ukabaki juu. Akasimama pale na mguu mmoja kama korongo, kisahani mkononi, anaangalia chini.

"Kanyaga," akasema Shangazi.

"Wapi?"

"Hapo unaporuka."

Kwa mbali gari lilipita barabarani, likapotea.

"Sijamwambia mtu kuna nini hapo," akasema Shangazi, taratibu, kama anayemwelekeza mtu njia. "Katibu amekanyaga. Daktari amekanyaga. Pamekauka, hapaonekani, hapatelezi. Wewe unajua pakiwa pakavu hapatelezi. Lakini mguu wako haujui, baba. Mguu wako unakumbuka Ijumaa, siku ya kuamkia mchezo."

Halafu akanyamaza kimya chake kile. Na Shemeji akaushusha mguu, polepole, nyuma ya ile sehemu.

"Mfukoni una nini?"

Akatia mkono kwenye ovaroli. Akatoa bisibisi, skrubu tatu, na kipande cha mshumaa mweupe. Kila seremala anacho, cha kulainishia msumeno na skrubu. Lakini cha kwake kilikuwa kimelika upande mmoja, bapa, na kwenye ubapa ule palikuwa na mistari mingi myembamba iliyolala sambamba. Shangazi akakichukua kwa kitambaa. Akapiga magoti, goti likalia, akakilaza juu ya zege. Mistari ya mshumaa ikaingia kwenye mikwaruzo ya ufagio kama vidole vinavyoshikana.

Daktari wa meno akakaa chini kwenye nyasi, na suti yake.

"Nilitaka ateguke kifundo tu," akasema Shemeji. Hakumwangalia mtu. "Wiki mbili. Akae nje wiki mbili, Jumamosi ipite. Nani alijua ataifikia nguzo? Mimi nilikuwa nimekaa hapo kwenye benchi nikimwangalia. Nikasema sasa atashika mguu, nimkimbilie, nimbebe mgongoni mpaka nyumbani kwa dada yake. Nilishapanga hata nitakavyombeba."

"Kwa ajili ya kombe?"

"Kombe!" Akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Soma hicho kibao, Shangazi. Mabenchi kumi na nane nimeyapasua mimi, nimeyaranda mimi, mikono yangu hii. Soma wameandika nani katengeneza. Arusini ni shemeji wa Mashoto. Msibani ni shemeji wa Mashoto. Mtoto wangu ameulizwa shuleni baba yako ni nani, akasema ni shemeji wa bingwa. Nilitaka Jumamosi moja. Moja tu, nishinde, waniite kwa jina langu mimi."

"Na Fundi? Yule aliye ndani?"

"Nilidhani watamwachia. Bila sakafu hakuna ushahidi. Nikaomba ivunjwe ili wasiwe na cha kumfungia."

"Ulidhani," akasema Shangazi. "Ana mama kitandani anayegeuzwa kama mkate. Saa hizi anageuzwa na mtu mwenye mgongo mbovu. Hiyo hukuidhania."

Akatazama saa. Saa saba na dakika thelathini na nne.

Alipanda kwenye lile benchi kwa magoti na mikono, Koplo akimsukuma kwa nyuma bila adabu yoyote, akainua simu juu kama mtu anayeomba mvua. Mara ya kwanza haikuita. Mara ya pili ikakatika. Mara ya tatu ikapokelewa.

"Gari limeshatoka, Shangazi," akasema Mkuu.

"Ligeuze."

"Kwa sababu gani?"

"Zege linakunywa maji."

"Umelewa?"

"Nina nusu nyingine, Mkuu. Imesimama hapa mbele yangu, imevaa ovaroli. Ligeuze gari, nakuomba, na yule mtu apelekwe kwao leo, siyo kesho. Na apewe kofia yake."

Kisha akasikia Mkuu akipiga kelele kwa mtu mwingine, mbali na simu, kwamba ampigie dereva, ampigie sasa hivi. Shangazi akashuka, akakaa, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, kwenye kitu chenye mgongo.

Koplo akamfunga Shemeji pingu kwa mbele, bila kumbana. Katibu alikuwa bado anaiangalia ile sakafu kana kwamba itamwuma, na vibarua wakaja kuchukua nyundo zao, wakauliza kama wavunje au wasivunje.

Njia ya kwenda kwenye gari ilipita palepale, juu ya sakafu namba saba. Koplo alitangulia na birika lake tupu, Shemeji akafuata, kichwa chini, mikono imefungwa mbele, hatazami anakokwenda. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Na alipofika pembe ya kulia, pakavu, jua linawaka, hana tena cha kuficha, mguu wake ukainuka wenyewe, ukaruka.